Jembe Nililolipeleka Simbo

Naikumbuka Ijumaa moja, tumetoka kuswali, Mzee Bukuru amekaa kwenye kigoda uani kwangu hapa hapa Rusimbi, jembe langu jipya liko mapajani mwake. Alichukua uzi wangu wa cherehani, akalifunga, akaliinua likaning'inia, akaligonga kwa ufunguo wa nyumba yake. Likatoa sauti fupi ya mkwaruzo, kama sufuria iliyopasuka. Akaligonga upande wa pili, ikawa vile vile. Akalishusha, akanitazama, akasema, "Hili limeshakufa. Ulikuwa unalipeleka wapi?"

Nilikuwa nalipeleka ukweni, mwanangu. Bila jembe zima nisingepewa mke, na nilikuwa nimeshajitapa mtaa mzima kwamba nitalifua kwa mkono wangu mwenyewe.

Nakusimulia hili kwa sababu ya jana. Ulikuja na simu yako ukanionyesha vijana wa nchi za mbali, mmoja anayeyusha makopo ya soda nyuma ya nyumba yao, mwingine anafua kisu mpaka kinang'aa, ukaniambia, "Babu, na mimi nataka kuanza. Sitaki biashara, nataka kujifurahisha tu." Nilifurahi, sikufichi. Wenzako wanajifurahisha kwa mambo ambayo siwezi hata kuyataja hapa. Lakini nilipokuuliza utaanza kufua nini, ukasema upanga. Upanga wa nini, mwanangu, unapigana na nani? Ndipo nikakuambia urudi leo, na simu uiache kwenu.

Unanijua kuwa mimi ni fundi cherehani, na ndivyo nilivyo. Nimeshona kanzu, sare za shule na magauni ya maharusi wa Ujiji mpaka macho yalipogoma kutunga uzi. Uhunzi sikuwahi kuufanya kazi. Ulikuwa wangu wa jioni na wa Jumapili, wenzangu wakienda kutazama mpira mimi naenda kwenye makaa. Uliniingia kwa ajili ya mkasi. Mkasi wangu wa kukatia vitambaa ulivunjika pale kwenye pini, mafundi wa sokoni wakauzungusha zungusha wakanirudishia, nikaambiwa kuna mzee amehamia kwa binti yake mtaa wa nyuma, kwao walikuwa wahunzi tangu mababu. Huyo ndiye Mzee Bukuru. Alinitengenezea pini mpya kwenye jiko la mkaa la binti yake, huku binti analalamika maharage yake hayajaiva. Nilikiona kile kipande cha chuma, kigumu namna ile, kikilala chini ya nyundo kama donge la chapati. 

Alikuwa mzee mkavu, hacheki ovyo, na kila mwanamume chini ya miaka yake alimwita "bwana mdogo", hata awe na ndevu mpaka kifuani. Nilipomwomba anifundishe aliniuliza kama nina wazimu au nina nafasi. Nikamjibu nina nafasi. Akasema, "Basi wazimu utakuja wenyewe."

Jiko langu la kufulia nililitengeneza mwenyewe, na wewe unaweza kulitengeneza vile vile. Ni beseni bovu la chuma, nikalikandika ndani kwa udongo wa kichuguu, nikauacha ukauke polepole kivulini, maana ukiuharakisha kwa moto unapasuka na kudondoka. Chini nikapitisha bomba la chuma la kuleta upepo. Upepo wenyewe ulinisumbua kichwa. Mivukuto ya ngozi ya mbuzi sikujua kuishona, ingawa ni mshonaji. Mwisho nikatazama ile meza ya cherehani iliyokuwa imekufa kichwa na kubaki miguu, nikafunga mkanda kwenye gurudumu lake, mkanda ukazungusha feni niliyoikata kwenye bati la debe. Nikawa nakanyaga pedali kama nashona, na makaa yananguruma. Mzee Bukuru alipokuja kukagua, alikizunguka chombo changu, akainama, akatazama mkanda, kisha akakaa akakanyaga mwenyewe mpaka jasho likamtoka. Hakusema neno zuri hata moja, lakini alichelewa kurudi kwake. Ninyi mna umeme, feni ya kukaushia nywele inatosha, siku umeme ukikatika utakuja kukanyaga hapa.

Fuawe langu, pale pa kufulia, ni kipande cha ekseli ya lori nilichokisimamisha kwenye gogo. Watu watakuletea kipande cha reli na kukuambia hakuna bora zaidi. Ni kweli hakuna bora zaidi. Lakini reli imeishia mjini kwetu, na kila mtu anajua reli ni mali ya nani, kwa hiyo kipande chake kikionekana uani kwako utakwenda kutoa maelezo polisi. Chukua ekseli.

Na nguo, hapo nisikilize kama fundi. Vaa pamba. Hizi jezi zenu za kuteleza cheche ikizigusa zinayeyuka na kuganda kwenye ngozi, ukizivua unavua na ngozi. Suruali iwe haina pindo chini, maana pindo ni mfuko, linadaka cheche na wewe huna habari mpaka usikie mguu unaungua. Iwe nje ya kiatu, isichomekwe ndani. Miwani ya kukinga macho usiivue hata kama unapiga nyundo moja tu. Nimewashonea aproni za turubai watu wazima waliocheka, wakarudi wenyewe kuomba ya pili.

Basi, nilikuwa nimeshafua visu vya kuparia samaki, ndoano za kutundikia nyama, na kigoe kimoja cha kuopolea ndoo kisimani ambacho mama yangu alikisifia mpaka nikaona haya. Nikajiona nimefika. Wakati huo huo nilikuwa nimempenda msichana wa Simbo aitwaye Zainabu, aliyekuwa akija Ujiji kwa dada yake. Mambo yalishapelekwa wazi, mshenga wetu alikuwa baba yangu mdogo, mahari yalishasemwa na kukubaliwa. Likabaki jembe.

Kwa Waha wa zamani posa haikamiliki bila jembe, isuka wanavyoiita wenyewe. Wengi siku hizi wamelisahau, wengine wananunua la dukani lenye rangi ya kiwanda na kulifunga utepe. Kwao Zainabu walikuwa bado wanalishika. Jembe hupelekwa na mkono wa mwenye kuoa, na hupokewa na bibi mzaa baba wa binti, ambaye kwao alikuwa Bibi Mwamini. Baba yake Zainabu, Mzee Kassimu, hakutaka makuu. Alimwambia baba mdogo, "Leteni lolote, mradi zima. La dukani pia ni jembe."

Mimi ndiye niliyetaka makuu. Nilimwambia baba mdogo akawaambie kwamba bwana harusi atalifua mwenyewe. Baba mdogo akanitazama vidole vyangu vya kushikia sindano, akauliza kama nimewahi kufua jembe. Nikamjibu kwamba nimefua visu, na mwenye kufua kisu hashindwi na jembe. Akaenda akawaambia. Kuanzia hapo sikuwa na njia ya kurudi nyuma, kwa sababu mtu aliyeahidi jembe la mkono wake kisha akaleta la dukani, atakuwa ameanza undugu kwa kusema uongo.

Nilitaka jembe la kuwafumbua macho watu. Nikatafuta springi ya lori, ile bapa nene inayokaa chini ya bodi, nikaifua kwa jioni nyingi mpaka mabega yakaniwaka. Nikatoa jembe pana kama sinia, zito, lina pembe zilizochongoka, na katikati nikapiga maua kwa tindo. Maua, mwanangu, kwenye kitu cha kuzama udongoni. Kisha nikalitia moto likawa jekundu lote, nikalitumbukiza kwenye ndoo ya maji niliyoyateka ziwani asubuhi ile. Sote tuliokulia huku tumewaona wahunzi wa zamani wakizima jembe kwa maji, ule mvuke, ile sauti, ndiyo ilikuwa sehemu tamu kuliko zote. Maji yakachemka. Nikasikia kitu kidogo, tik, kama njiti ya kibiriti imevunjika. Nikajiambia ni ndoo.

Ndilo hilo alilolitundika Mzee Bukuru Ijumaa ile. Baada ya kulitangaza kwamba limekufa, aliomba mafuta ya taa, akalipaka, akalifuta kwa tambara likakauka. Kisha akachukua chaki yangu ya kuchorea vitambaa, akaisugua juu yake. Tukangoja kidogo. Mafuta yaliyojificha ndani yakatoka kwenye chaki, ufa ukajichora mbele ya macho yangu, mstari mwembamba kama unywele, kutoka begani kushuka hadi kwenye msuka, ile ncha inayoingia kwenye mpini.

"Ulilizima kwa nini?" aliniuliza.

"Kwa maji, Mzee. Kama wanavyofanya wahunzi wenu."

"Chuma chetu kilikuwa laini, kilivumilia maji. Hiki cha lori ni kigumu tangu kilikotoka. Ukikishtua kwa maji kinapasuka. Hiki kinataka mafuta."

Nikamwambia, na hapa ndipo nilipojiponza, kwamba ufa wenyewe hauonekani bila chaki, kwamba nitalipaka rangi nyeusi litulie, na kwamba hata hivyo jembe la posa ni la kutazamwa tu.

Mzee Bukuru hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Analipokea nani?"

"Bibi yake binti."

"Ana kimo gani?"

"Sijui, Mzee."

"Ana nguvu za kuinua sinia hili? Analima mlimani au bondeni? Mkono wake umekaaje?"

Nikautazama ule mstari wa ufa.

"Ukiletewa kitambaa cha kanzu, unakikata kabla hujampima mtu?"

"Siwezi."

"Basi kwa nini umekata chuma bila kumpima mtu? Likikatika likamrukia bibi wa watu usoni, utampelekea na rangi?" Akasimama, akachukua koleo alilokuwa ameniazima, akalitia kwapani. "Nitakuja tena siku ukijua unamfulia nani." Akaondoka, kigoda akakiacha katikati ya uani.

Nilikasirika, nisikudanganye. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amenishika pale pale penye ufundi wangu. Angeniambia sijui uhunzi ningekubali, kweli sikuujua. Lakini kuniambia nimesahau kupima, mimi, niliyempima kila mtu mtaani na kukumbuka kiuno cha kila mtu bila kuandika popote. Nililipiga teke lile jembe, nikaumia kidole cha mguu. Wazee wetu walikuwa wamepangiwa kwenda Simbo Jumapili ya wiki iliyofuata. Ulikuwepo muda wa kufua jingine, kama ningejua nafua nini.

Kesho yake nilitia futi yangu mfukoni, ile kamba ya kupimia, nikapanda baiskeli kwenda Simbo. Nilijua ninachohatarisha. Mwenye kuposa hakanyagi ukweni kabla ujumbe haujapokelewa, ni utovu wa adabu wa kukuvunjia posa. Nikajipa moyo kwamba shamba si nyumba. Nikauliza njiani, nikaelekezwa, nikamkuta Bibi Mwamini kwenye mihogo yake, kwenye kimteremko, peke yake.

Alikuwa mfupi kuliko nilivyowahi kufikiria. Jembe alilokuwa analilimia lilikuwa limelika mpaka likawa dogo kama kiganja, na mpini umechakaa ukawa unateleza. Nilisalimia kwa Kiha kibovu, "Mwakeye, Bibi," kisha nikaongeza shikamoo ili nisikosee. Akaitikia, akanitazama kutoka viatu hadi kofia.

"Wewe ndiye fundi nguo," akasema.

"Ndiye mimi, Bibi."

"Wakikuona hapa watakufukuza."

"Najua, Bibi. Nimekuja kukupima."

Alicheka mpaka akaegemea jembe lake. Aliniambia kwamba gauni la harusi ya mjukuu ameshaahidiwa na mtoto mwingine, na nikamwambia sipimi gauni, napima jembe. Hapo akaacha kucheka. Akakaa kwenye tuta, akaniambia nikae. Akasema wajukuu zake wakubwa wote walishaposwa, na kila posa ilileta jembe, na yote yanatundikwa ukutani kwa Kassimu, makubwa, mazuri, wageni wakija wanaonyeshwa. Hajawahi kulima na hata moja. Bega lake la kulia liliumia zamani alipoanguka na mzigo wa kuni, hawezi kuinua kitu kizito juu ya kichwa, na shamba lake liko kwenye mteremko, jembe refu linamvuta kwenda chini. Hili dogo ni la posa yake mwenyewe, aliachiwa na bibi yake. Limekaribia kwisha, na amewahi kuwaza kwamba likiisha naye atakuwa ameacha kulima.

"Hukuwaambia?" nikamuuliza.

"Hakuna aliyeniuliza."

Nikampima. Nilipima kutoka bega hadi kidole, kutoka kiuno hadi chini akiwa ameinama, nikapima upana wa kiganja chake kilivyoshika mpini. Nikamwomba alime kidogo nitazame. Nikaona anavuta kwa mkono wa kushoto na ule wa kulia unaongoza tu, nikaona jembe linatakiwa liiname zaidi kuelekea kwake ili asilazimike kulinyanyua. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, futi imezunguka mpini, nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu.

Alikuwa Mzee Kassimu. Nilisimama, nikasalimia, shikamoo yangu ikatoka nusu. Hakuiitikia mara moja. Alitazama futi, akamtazama mama yake, akanitazama mimi.

"Washenga wako wanakuja lini?" akaniuliza, na alijua vizuri sana.

"Jumapili ya wiki ijayo, Mzee."

"Na wewe umeona ukatangulie kwenye shamba la mama yangu."

Bibi Mwamini alitaka kusema kitu, akamnyamazisha kwa mkono, kwa adabu lakini akamnyamazisha. Kisha akaniambia, "Waje. Siwezi kuwarudisha wazee kwa kosa lako. Lakini nitalitazama jembe kabla sijatazama mtu, na likiwa na dosari, mwanangu haondoki hapa." Hapo ndipo akaitikia salamu yangu. Niliendesha baiskeli mpaka Ujiji.

Niliongoza moja kwa moja mpaka kwa Mzee Bukuru. Alikuwa anakula. Sikumwomba radhi kwa maneno mengi, nilimwambia tu, "Ni mfupi. Bega la kulia bovu. Analima mteremkoni, anavuta kwa kushoto." Akatafuna, akameza, akanawa mkono. Akaingia ndani akatoka na koleo.

Jembe la pili lilikuwa nusu ya lile la kwanza. Nilikata kwanza kigezo kwa karatasi ngumu, kama kola ya shati, nikakikunja mkononi mpaka nikaridhika, ndipo nikagusa chuma. Springi ilikuwa ile ile, kipande kilichokuwa kimebaki, ila tuliipunguza unene, tukaacha nyama nyingi pale kwenye bega na msuka panapobeba nguvu, tukaifanya nyembamba kuelekea makali. Kona zote tukaziviringisha, maana kona kali ndipo ufa unapoanzia. Mzee Bukuru alinizuia kila nilipotaka kupiga chuma kikiwa kimeshapoa. Alisema, "Rudisha motoni. Unapiga hasira yako, hupigi chuma."

Ilipofika kuzima, nilimwendea mama yangu nikamwomba mawese. Alidhani nataka kupika. Aliponiona namimina mawese mazuri ya kwetu kwenye ndoo ya chuma na kuyapasha moto, alishika kichwa, na mpaka anafariki alikuwa akiwasimulia watu kwamba mwanawe aliungia jembe mchuzi. Mzee Bukuru alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio. Kila chuma kilipozidi kuwa chekundu alikuwa anaisogeza, mpaka ikafika wakati haishiki tena, akasema, "Sasa." Nikalizamisha kwenye mawese. Moto ukaruka juu kidogo, harufu ikatanda mtaa mzima, majirani wakaja kuuliza nani ana shughuli. Sikusikia ile tik. Tulipolitoa tulilisugua upande mmoja mpaka likawa jeupe, tukalirudisha karibu na makaa, moto wa upole, tukitazama rangi inatembea juu yake, njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, mpaka ikafika buluu ya mkia wa kunguru mweusi juani. Hapo tukaliacha lipoe lenyewe.

Mzee Bukuru alilifunga uzi, akaligonga kwa ufunguo. Likalia muda mrefu. Alingoja mpaka sauti ikaisha yote, kisha akaenda kwake kula.

Jumapili tulifika Simbo na wazee wetu. Maneno ya posa yakaenda na kurudi kama kawaida, mimi nimekaa karibu na mlango kama anayengoja kufukuzwa. Ilipofika zamu ya jembe nilisimama nikalitoa kwenye kitambaa. Nilisikia mnong'ono, maana lilikuwa dogo, halina ua hata moja, na limeshatiwa mpini. Jembe la posa haliletwi na mpini. Baba mdogo alifumba macho. Mzee Kassimu alilipokea, akaligonga kwa kucha, akalisogeza sikioni, akaligonga tena. Akampa mama yake.

Bibi Mwamini alishika mpini, akaupima mkononi. Kisha akanyanyuka. Alikuwa amevaa kitenge kipya cha shughuli, na wanawake wakadhani anakwenda kulitundika. Akatoka nje, akaenda pembeni kwenye migomba, akaanza kulima. Sote tulitoka tukasimama barazani, wazee wa pande mbili, hakuna anayejua adabu inasemaje. Alilima. Bega lake halikupanda juu. Jembe liliingia udongoni na kutoka, naye anasogea nyuma pole pole, bila kupumzika, mpaka akawa amemaliza mstari wote kuanzia mgomba wa kwanza hadi kwenye ua. Akageuka, pua yake ina jasho, kitenge chake kina udongo mpaka magotini.

"Kassimu," alisema, "hili ni langu. Kijana mpe alichokuja kukitafuta."

Mzee Kassimu alimtazama mama yake, na nikaona macho yake yamelengwa na machozi. Baadaye aliniambia kwamba miaka yote ile alikuwa akidhani mama yake ameacha kupenda kulima. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita mwanangu mbele ya watu. Bibi yako aliyekupikia uji asubuhi ya leo ndiye Zainabu. Na lile jembe Bibi Mwamini alilima nalo msimu kwa msimu, hakumwazima mtu, na alipofariki tulilikuta limelika likabaki ncha tu.

Sasa mwanangu, nisikilize. Anza kwa chuma, kuyeyusha kutafuata. Siku ukitaka kuyeyusha, anza na aluminiamu, vitu vidogo, na mchanga wa kalibu, ule unaomiminia ndani yake, uwe umekauka. Mchanga wa ufukweni Kibirizi unavutia macho lakini umebeba maji, na maji yakikutana na chuma kilichoyeyuka yatakurushia usoni. Wavuvi watakuomba uwayeyushie risasi za kuzamishia nyavu. Wakatalie kwa heshima, moshi wake unaingia mwilini na hautoki, na ndani mwenu kuna watoto. Mabati usiyatie motoni hata kidogo, moshi wake unaleta homa. Usifanye kazi peke yako, ndoo ya mchanga iwe karibu, na ukiona umechoka zima makaa uende ukalale. Hutakosea mengi ukishika hayo, na utakayokosea nitakuwa hapa kukupigia kelele.

Lakini kubwa kuliko hayo yote ni hili, na ukisahau mengine usilisahau. Kazi ya kujifurahisha inafurahisha zaidi ikiwa na mtu mwisho wake. Kabla hujawasha makaa, nenda kwa mtu mmoja unayemjua, kaa naye, muulize mkono wake unamuuma wapi, tazama anavyoshika kitu, kisha mpime. Ukirudi na kipimo cha mtu, nitakufungulia lile sanduku la nyundo, na koleo la Mzee Bukuru utalishika kabla ya wanangu wa kuwazaa.

Mungu akulinde macho na vidole. Akupe mwalimu mkali na sikio la kumsikia. Na kila utakachokifua, mwanangu, Mungu akijaalie kichakae mikononi mwa watu, kisichakae ukutani.